Laki nane iliyokaa upande mbaya

Leo naongelea ukwasi, na najua nusu yenu mshaanza kusinzia, ila nivumilieni kidogo maana hii kitu nimeijua kwa machungu kabla hata sijajua jina lake.

Kuanzia 2015 mpaka 2018 nilikua na kibanda cha uwakala wa pesa za simu Temeke, pale pale kituo cha daladala, kibanda cha mbao chenye rangi mbili kwasababu kampuni moja ya simu ilikuja ikapaka nyekundu, wiki haijaisha ingine ikaja ikapaka bluu upande wa pili, mi nikawaachia tu maana rangi ya bure haikataliwi. Mtaji wangu ulikua laki nane. Laki nne keshi kwenye droo, laki nne floti, yaani salio la wakala kwenye simu. Sikuongeza hata shilingi kumi miaka yote hiyo, na huwezi kuamini laki nane hiyo hiyo ilinifundisha mambo ambayo baadae nilikuja kuyakuta kwenye taarifa za Benki Kuu yameandikwa kwa lugha ngumu.

Kuna siku moja mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, watu tangu asubuhi wanatoa tu. Kufika saa tano droo imebaki na elfu kumi na nane. Akaja fundi seremala mmoja wa mtaa wa nyuma, anataka kutoa laki na ishirini, kuna kirikuu kimebeba mbao zake kimesimama barabarani na dereva anapiga honi. Nikamwambia kaka sina. Akaniangalia. "We wakala gani huna hela?" Nikamwambia hela ninayo, nikamgeuzia simu aone, line zote tatu ukijumlisha laki saba na themanini na mbili. Akacheka kile kicheko cha hasira, akatoa simu yake mfukoni akanionyesha na yeye. "Hiyo hata mimi ninayo."

Nilikaa na lile jibu siku nzima aisee.

Maana angalia, mi sikua nimepata hasara. Mtaji wangu uko kamili mpaka shilingi ya mwisho, kamisheni inaingia, deni sina. Ila kwa muda ule, mbele ya yule fundi, nilikua sina thamani kuliko mtoto anayeuza karanga mwenye laki na ishirini kwenye kopo. Hela yangu ilikua upande mbaya. Alafu kichekesho ni kwamba Jumatatu ya katikati ya mwezi mambo yanageuka, wauza mitumba na makonda wanakuja kuweka, wanaweka wanaweka, saa nne droo imejaa misimbazi, zile noti za elfu kumi, mpaka haifungi na floti imekata, mtu anakuja na keshi yake mkononi anataka kumtumia mama yake kijijini na namwambia sina. Laki nane ile ile, ndani ya wiki mbili imenikwamisha pande zote mbili.

Hiyo ndo ukwasi bana. Na hapa naomba niwalaumu kidogo waliotuchagulia neno, maana kwenye Kiswahili cha nyumbani mkwasi ni tajiri, mwenye mali zake, sasa ukimwambia bi mkubwa wangu benki ina tatizo la ukwasi anaelewa benki imefilisika. Sio. Kufilisika ni mtaji umeliwa, unachodaiwa kimezidi ulichonacho. Kukosa ukwasi ni unacho, ila sio kwa sura inayotakiwa kwa saa inayotakiwa. Mtu mwenye viwanja vitatu Kigamboni na hana nauli ya daladala, huyo ni mkwasi asiye na ukwasi, neno limejipiga ngwala lenyewe.

Na tofauti hii sio ya darasani tu. Januari 2018 BoT, Benki Kuu yetu ya Tanzania, ilifunga benki 5 ndogo kwa mpigo, Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya wakulima wa Kagera, na sababu iliyotolewa ilikua mtaji pungufu, yaani lile tatizo la kwanza. Benki Kuu inaweza kukukopesha ukivuke kipindi, ila mtaji ulioliwa haukopesheki ukarudi. Sasa linganisha na Silicon Valley Bank ya Marekani, Machi 2023. Wale walikua na dhamana za serikali ya Marekani, yaani karatasi za kuikopesha serikali, kitu ambacho dunia nzima inakiita salama, ila ni za miaka mingi mbele na walizinunua riba ikiwa chini kabisa, Benki Kuu yao ilipoanza kupandisha riba 2022 bei ya zile dhamana ikashuka, maana mpya zilikua zinalipa zaidi. Ungesubiri ziive unalipwa zote. Ila wateja hawakusubiri, tarehe 9 Machi siku moja tu waliomba kutoa dola bilioni 42, kesho yake benki ikafungwa. Ni mimi na fundi wangu yule yule, tofauti ni kirikuu tu. Na utaona mipaka inavyoingiliana, ukilazimika kuuza leo kile ambacho ungekiuza vizuri mwaka kesho, tatizo la ukwasi linageuka la mtaji hapo hapo mbele ya macho yako.

Sasa turudi Temeke, maana kuna kitu kizuri zaidi. Mbele yangu hatua ishirini hivi kulikua na dada mwingine na kibanda chake. Kwa macho ya watu sisi ni washindani, kimya kimya tulikua tunakopeshana. Nikikata keshi natuma kijana, "dada, kaka anaomba laki mbili mpaka saa kumi," namrushia floti au narudisha keshi jioni. Siku za kawaida ni bure, au soda. Mwisho wa mwezi buku. Kuna mwezi wa 12 mmoja alinipiga buku tatu kwa laki mbili ya masaa matano, nikalalamika, akaniambia "kaka leo wote tunaitaka, mi mwenyewe najinyima". Akawa kaniwekea riba ya soko bila kujua. Na siku ambayo wote wawili tumekata, ndo unafunga kibanda unaenda kwa wakala mkuu, huyo hachoki, hana huruma pia, foleni na makato yake unayajua kabla hujafika.

Miaka imepita, Januari 2024 BoT wakatangaza wanahama kwenye mfumo wa kuhesabu wingi wa pesa wanaingia mfumo wa riba, riba ya Benki Kuu ikaanza na asilimia 5.5, Aprili ikapanda 6, Julai 2025 ikashuka 5.75. Watu wakauliza mtandaoni kwahiyo mkopo wangu utashuka? Hapana, sio moja kwa moja. Ile riba ni dira ya bei ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku 7, BoT inajitahidi ibaki humo, isipande wala isishuke zaidi ya pointi 2 za asilimia kila upande. Pesa ikiwa adimu kati ya mabenki BoT inamwaga kidogo, ikizidi inafyonza. Nilivyosoma hivyo nikacheka peke yangu kwenye daladala, maana ni mimi na dada wa kibanda cha mbele, na Benki Kuu ndo wakala mkuu, ila huyu ana uwezo ambao wakala mkuu wangu hakua nao, akitaka floti anaiandika.

Hapa ndo kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui na mi nilichelewa sana kulijua. Floti ya kwenye simu sio pesa mpya. Kila shilingi unayoiona kwenye simu kuna shilingi mwenzake imelala benki kwenye akaunti ya dhamana, kampuni ya simu hairuhusiwi kuigusa ikafanyie mambo yake. Ni kama risiti ya kuwekesha viatu msikitini. Lakini benki ikikukopesha milioni 5, usidhani imeenda stoo ikachukua za mzee fulani ikakupa wewe. Inaandika tu. Akaunti yako inasoma milioni 5 na ya yule mzee bado inasoma kilekile, kwahiyo milioni 5 zimezaliwa sasa hivi ukiwa umekaa kwenye kiti. Ukilipa deni zinakufa. Sehemu kubwa ya pesa tunayoitumia imezaliwa hivyo, noti ni kipande kidogo tu. Kuna masharti bila shaka, mtaji, na akiba ambayo kila benki lazima iiweke BoT, ila picha ndo hiyo.

Ukishaelewa hapo ndo unaelewa vyuma kukaza.

Mnakumbuka 2016 mpaka 2018? Vyuma vimekaza ilikua salamu. Unampigia mtu simu, vipi, anakujibu aah vyuma vimekaza. Watu wa Kariakoo wakawa wanafunga maduka, mahoteli yanalia semina hakuna, mafundi wamekaa chini ya mwembe. Sasa angalia takwimu za miaka hiyo hiyo. Mfumuko wa bei 2016 wastani asilimia 5.2, 2017 5.3, 2018 3.5. Kwa mchumi wa kitabu hiyo ni sherehe, bei zimetulia, shilingi haijayumba sana. Anko wangu mmoja alikua anaziangalia hizo namba kwenye taarifa ya habari na anazima tv. "Bei haijapanda, sawa. Na mnunuzi yuko wapi?"

Kilichotokea, kwa ninavyoelewa, ni mambo mengi kwa pamoja lakini moja lilikua kubwa. Serikali ya Magufuli iliamua pesa za taasisi za umma zilizokua zimekaa benki za biashara zihamie BoT. Hoja yake haikua ya kijinga na nasema hivi japo niliumia: benki zilikua zinachukua pesa ya serikali, zinanunua hati fungani za serikali, yaani serikali inakopeshwa hela yake yenyewe na inalipa riba juu. Angekua mtu wa mtaani tungesema kaibiwa mchana. Lakini pesa ikitoka benki ya biashara ikaenda BoT, kwa hesabu za pesa imetoka kwenye mzunguko. Haijapotea, ipo, ila imehamia upande mwingine. Laki nane yangu tena, mara hii ya nchi nzima. Juu ya hapo mikopo mibovu ikapanda, ikavuka asilimia 10 ya mikopo yote wakati BoT inapenda isizidi 5, mabenki yakaogopa kukopesha, na nimeshakwambia mkopo ndo mahali pesa inapozaliwa, sasa kama hazizaliwi mpya na watu wanaendelea kulipa za zamani, zile zinakufa kila mwezi na mbadala hakuna. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ukaporomoka kabisa 2017.

BoT walijitahidi, tusiwanyime haki yao. Machi 2017 wakashusha riba ya kukopesha mabenki kutoka 16 mpaka 12, Aprili wakapunguza ile akiba ya lazima kutoka 10 mpaka 8, Agosti wakashusha tena riba mpaka 9. Na mabenki yakaendelea kuwakopesha watu kwa 17 na zaidi kana kwamba hawajasikia. Unaweza kumfungulia ng'ombe mlango wa zizi ila kama nje kuna simba atabaki humo humo.

Nilikua naona yote hayo kwenye daftari. Mtaji laki nane, haujabadilika. Ila 2015 ile laki nane ilikua inazunguka mara tatu mpaka nne kwa siku, yaani nafanya miamala ya milioni mbili na nusu na zaidi, na 2017 kuna siku haimalizi mzunguko mmoja. Noti zile zile, kibanda kile kile, kamisheni robo.

Irving Fisher, mchumi wa Yale, mwaka 1911 aliiweka hii kwenye mstari mmoja: wingi wa pesa mara kasi yake ya kuzunguka ni sawa na bei mara biashara zilizofanyika. Watu wakiisoma wanakodolea macho ule wingi, na kasi wanaipita kama kituo kisicho na abiria. Kasi ndo uhai. Msimbazi mmoja ukitoka kwangu kwenda kwa mama ntilie, ukaenda kwa muuza mkaa, ukaenda kwa bodaboda, ukarudi kwangu kabla ya magharibi umefanya kazi ya elfu arobaini, msimbazi huo huo ukilala chini ya godoro kwasababu mtu anaogopa kesho, umefanya kazi ya godoro. (Fisher mwenyewe, ili mjue usomi hauzuii kitu, Oktoba 1929 alisema bei za hisa zimefika uwanda wa juu wa kudumu, siku chache baadae soko likaanguka na utajiri wake ukaenda nao.)

Anko yule yule wa tv ndo alikua na dawa yake. "Si wachapishe tu? Mashine wanazo." Na sio anko peke yake, kila kijiwe cha kahawa kina anko wake, na kwa kweli swali sio baya. Kama pesa imepungua ongeza. Kiasi fulani ndo kilichofanyika kwa kushusha zile riba. Tatizo ni pale ambapo mchapaji ndo mtumiaji na hakuna wa kumwambia basi.

Jirani zetu wa Zaire, Kongo ya leo, walijaribu. Mwishoni mwa 1992 wakatoa noti ya zaire milioni 5. Noti moja milioni tano jamani. Waziri mkuu Tshisekedi, aliyekua anagombana na rais Mobutu, akatangaza sio halali, wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa mshahara kwa noti hizo walipofika dukani zikakataliwa wakaingia mtaani Kinshasa na bunduki, watu wengi wakafa, hata balozi wa Ufaransa aliuawa kwenye vurugu hizo. Oktoba mwaka huo huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na bei zikaendelea kukimbia vile vile kwasababu wamebadilisha karatasi na mchapaji ni yule yule.

Ila sehemu inayonifurahisha ni Kasai, eneo moja la huko huko Zaire. Watu wa Kasai waligoma. Wakasema hiyo mpya yenu kaeni nayo, sisi tunaendelea na za zamani, zile zilizofutwa, zimechakaa. Na za zamani hakuna aliyekua anazichapisha tena, idadi yake ndo hiyo hiyo. Matokeo yake pesa iliyofutwa rasmi, isiyo na serikali nyuma yake, ikashika thamani vizuri kuliko ile mpya yenye sahihi na mhuri. Kila nikiifikiria hiyo nachanganyikiwa kwa raha. Kilichoipa ile karatasi nguvu ni watu kuaminiana kwamba kesho haitakua nyingi zaidi.

Kwahiyo anko nilimjibu hivi: wakichapisha wakati mafundi wamekaa chini ya mwembe na mashine zimezimwa, inaweza kuwaamsha. Wakichapisha wakati mahindi hayapo, mahindi hayatoki kwenye mashine ya noti. Na sisi hapa bei zetu zinafuata sana tumbo, mvua ikikataa unga unapanda, mapema 2017 mfumuko ulivuka 6 sababu ya chakula huku mtaani pesa hakuna, yaani bei juu na mfuko mtupu kwa wakati mmoja. Hapo gavana afanye nini, apandishe riba ili mvua inyeshe? Anko akasema mi nimesoma sana siku hizi. Haikua sifa.

Nyingine ya haraka haraka, tozo za miamala. Julai 2021 serikali ikaweka tozo kwenye kutuma na kutoa, kwa muamala mkubwa mpaka shilingi elfu 10. Kufika hapo kibanda sina tena, nilikua mteja tu, na nilifanya walichofanya wote: nikaacha kutuma. Nikampa konda wa basi bahasha. Baada ya makelele wakapunguza asilimia 30, baadae wakapunguza tena. Wengi waliipinga kwasababu ni ghali, mi naipinga kwasababu ya ile kasi ya Fisher, ni kodi ya kasi, haikati ulichonacho, inakata kukisogeza, na ukimkata mtu akisogea atakaa.

Kibanda nilikifunga Septemba 2018. Hakuna lililotokea, hakuna wizi, nilipiga tu hesabu kodi ya sehemu imezidi kamisheni miezi minne mfululizo. Siku ya mwisho nilikua nimeshatoa bango, najumlisha daftari, keshi elfu thelathini na tano, floti laki saba na sitini na tano, jumla laki nane kamili kama nilivyoanza. Akaja binti mmoja amevaa sare za kiwandani, kile cha kushona, anataka kutoa elfu arobaini.

Nikamnyooshea kidole kibanda cha dada, hatua ishirini mbele. Akaenda, nikamuona anarudi anatikisa kichwa, akavuka barabara kutafuta mwingine.